Sahani ya Gunia

Mama Hoteli hakusalimia watu kwa habari. Alisalimia kwa "umekula?" Ukiingia kwake asubuhi na matope ya mtaa wa Langas yakiwa bado mabichi kwenye viatu, umekula? Ukipita alasiri unaenda zako na huna haja naye, umekula? Nilimsikia akimwuliza hivyo mchungaji wa kanisa lake aliyekuja kumwombea, na nilimsikia akimwuliza hivyo mtu wa ushuru wa kaunti aliyekuja kumsumbua. Jibu alilolipenda lilikuwa moja tu: bado. Ukisema umekula, alikutazama mashavu, akashuka hadi tumboni, kisha akaamua mwenyewe.

Mimi nilimjibu bado kwa miaka mingi na ilikuwa kweli. Halafu ukafika wakati nikaanza kumdanganya, tena nikimdanganya na chakula chake kiko mbele yangu. Nimekuwa nikitaka kumwandika mama huyu kwa mikono yake, kwa maneno yake na kwa vituko vyake, lakini kila nikianza narudi palepale. Basi nitaanza na mikono.

Ilikuwa mikono ya ajabu. Eldoret mwezi wa saba watu wanavaa sweta mbili na bado wanatetemeka, yeye alikuwa amekunja mikono ya gauni hadi juu ya kiwiko. Alisonga ugali wa watu wote wa mchana kwa mkupuo mmoja, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake, na mwiko wake ulikuwa na urefu wa mpini wa jembe. Msuli ulipanda na kushuka chini ya ngozi huku yeye akiongea mambo mengine kabisa, labda bei ya mkaa au harusi ya mpwa wake. Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomea vyuma aliyekula pale, kijana aliyejijenga kifua hadi shati likagoma kufungwa vifungo, na yeye alikuwa akisema kwamba Mama akiingia mashindano ya kunyanyua vyuma sisi wengine turudi nyumbani. Mama alimjibu kwamba misuli ya kujitazama kwenye kioo ni mapambo, na kwamba yake ilikuwa ya kusongea.

Cha kushangaza ni kwamba mwenyewe hakula. Sijawahi kumwona ameketi na sahani. Alidonoa ukoko wa ugali akiwa amesimama, akauteremsha na chai ya rangi, basi. Jumatano alifunga kabisa kwa ajili ya maombi. Na huyuhuyu akisikia mtu mwingine anajinyima chakula kwa sababu yoyote isiyo ya Mungu, alikasirika kama amevunjiwa kikombe. Wale wanariadha wanaopita barabarani alfajiri, ambao kwa ajili yao mji wetu unajulikana dunia nzima, yeye aliwahurumia. Aliwatazama wakipita na miguu yao myembamba, akasonya, akasema watoto wa watu wanakimbizwa na hawajapewa hata uji. Mtu akamwambia kwamba mmoja wao amejenga nyumba ya ghorofa mjini. Mama akafikiri kidogo, akasema basi anunue na nyama.

Tusimcheke sana. Alikotoka, upande wa Ziwa Viktoria, na kwetu pia, mtu akikonda majirani hawasemi hongera. Wanaulizana kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani, au ni mke gani asiyejua kupika. Mjini kwetu wembamba ni kazi ya wanariadha. Kwa sisi wengine ni habari mbaya.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba cha mabati karibu na barabara, meza chache, mabenchi, na pazia lililotenganisha wateja na moshi. Kilichoifanya ijulikane ni sahani zake. Mama hakuwapa watu chakula sawa. Alikuwa na sahani tatu. Kulikuwa na sahani ya kalamu, ya watu wa ofisi na wenye maduka, yenye ugali wa kiasi na mboga ya kutosha. Kulikuwa na sahani ya nyundo, ya mafundi. Na kulikuwa na sahani ya gunia, ya sisi tuliopakia na kupakua mahindi kwenye maghala, na hiyo ilikuwa mlima, maharagwe yakitiririka pembeni, na kipande cha ziada ambacho hukukiomba. Bei ilikuwa moja. Karani akilalamika, Mama alimwuliza kwa upole leo amebeba nini. Alipenda sana ule msemo wa shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, ila yeye alikuwa akiusema nusu. Habari ya shibe kulevya aliiruka.

Sahani ya gunia ilikuwa na sheria yake. Anayeila, anabeba. Sufuria ya maharagwe ilikuwa kubwa na nzito, na kila siku kabla ya watu wa mchana kufika ilibidi iteremshwe kutoka motoni. Zamani Mama aliiteremsha peke yake bila kuguna. Mimi nilipozoeleka pale nikawa nafika mapema kidogo, nashika mkono mmoja wa sufuria, yeye anashika mwingine, tunahesabu pamoja na kuiweka chini. Hakuwahi kuniomba. Ilikuwa kama mchezo wetu. Nilidhani ananiruhusu tu nijisikie wa maana, na kwa muda mrefu nadhani ilikuwa hivyo. Siku gani mchezo ule uligeuka kuwa haja, sijui. Mikono ile ilinidanganya.

Nilikuja Langas kutoka Ainabkoi, kwa wazazi waliokuwa wametoka sehemu za kati kutafuta mashamba. Shamba lilipogawanywa kwa ndugu, langu likawa la kusimama tu. Nikaja kubeba magunia. Nilikuwa mwembamba kiasi kwamba siku ya kwanza Mama Hoteli aliponiona na gunia mgongoni alitoka nje kutazama nani anambeba mwenzake. Mchana ule akanipa sahani ya gunia, nikashindwa kuimaliza, naye akasimama kando yangu hadi nilipoimaliza. Baada ya mavuno mawili hivi nilikuwa na mgongo na mapaja. Alikuwa akiniita kijana yangu, na wageni wakija alinionyesha kwa mwiko, akiwaambia mimi nilifika pale nikiwa kuni.

Halafu mgongo ukaanza kuuma. Mwenye ghala akagundua kwamba ninaandika vizuri, akanitoa kwenye magunia akanipa kiti kando ya mizani. Siku ya kwanza ya kiti nilikwenda kwa Mama nikiwa na shati jeupe. Kila mtu alitaka kuona nitapewa ipi, kwa maana wote tulimkumbuka mpakiaji mmoja aliyepata kazi ya duka, akaja akaomba sahani ya kalamu. Mama alimpa bila neno. Lakini tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina, alimwita Karani, na alipojaribu kushika sufuria Mama aliivuta upande wake. Mtu yule hakudumu. Basi Mama akanitazama na lile shati, akaenda nyuma ya pazia, akakaa. Aliporudi alikuwa na sahani ya gunia.

Watu walipiga meza. Nami nilikula mlima ule nikiwa na furaha ambayo mshahara haukunipa. Nilijua kwamba pale napendwa.

Sasa hesabu ni rahisi na hata mtoto angeiona. Mchana nilikula chakula cha mtu aliyebeba lori, kisha nikarudi kuketi. Nilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kitambi kilikuja polepole, tena kwa heshima. Wakulima walioleta mahindi walianza kuniita mzee. Mwenye ghala alisema karani mwenye tumbo haibiwi. Mke wangu alisogeza vifungo vya suruali, akasogeza tena, mwishowe akasema kitambaa kimeisha. Mama Hoteli alifurahi kuliko wote. Mimi ndiye niliyekuwa kibao chake cha matangazo. Mtu akiuliza chakula chake kikoje, alininyooshea mwiko.

Kisha siku moja nilipanda ngazi za jengo moja mjini nikakaa chini katikati ya ngazi. Kwenye kliniki, muuguzi mmoja mama mtu mzima alinipima, akaniambia sukari imekaribia mpaka na presha imeshavuka. Alinichorea sahani kwenye karatasi. Mboga nusu, maharagwe au mayai robo, na ugali usiozidi ngumi yangu. Akaniambia pia nisijinyime tu, kwa sababu mtu wa umri wangu akijinyima bila kufanya kazi ya mwili anapoteza misuli kabla ya mafuta, na atabaki mwembamba na dhaifu. Ninyanyue vitu vizito. Nilicheka. Nilimwambia nilinyanyua vitu vizito miaka mingi ili nipate chakula, na sasa ananituma nikanyanyue ili kitoke. Hakucheka. Aliniuliza nani ananipikia.

Ningekuwa mtu wa kweli, kesho yake ningeenda kwa Mama Hoteli nikamwambia maneno matatu: Mama, nipunguzie ugali. Nilifika hadi mlangoni nikiwa nayo mdomoni. Akaniuliza nimekula, nikasema bado, tukateremsha sufuria, akaniletea mlima. Nikamkumbuka yule mtu wa duka. Nikaona Mama atakavyoacha kuninyooshea mwiko. Nikajiambia nitasema kesho.

Sikusema. Badala yake nilitafuta mkebe.

Ulikuwa mkebe wa siagi wenye kifuniko, nikauweka kwenye mfuko mpana wa koti langu la kazi. Nilihamia meza ya pembeni inayotazama ukuta. Mama akigeukia moto, nusu ya ugali iliingia mkebeni pamoja na kile kipande cha ziada. Mimi nilibaki na mboga, maharagwe na ngumi yangu ya ugali, nikala polepole ili tumalize pamoja na wengine. Kisha nikarudisha sahani tupu, na Mama akaipokea akiridhika. Hicho ndicho kitu kilichoniuma kila siku, jinsi alivyoitazama ile sahani. Aliichungulia kama mwalimu anayekagua kazi na kuikuta safi.

Kumwaga chakula sikuweza, nililelewa. Niliwapa mbwa wawili wa askari wa ghala.

Jioni nikaanza kwenda kwa yule fundi wa vyuma. Nyuma ya karakana yake alikuwa na vyuma alivyovitengeneza mwenyewe, mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Nililipia kila mwezi kunyanyua saruji pamoja na vijana wanaoweza kuwa wanangu. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikaanza kupenda. Suruali zililegea. Mabega niliyoyasahau yakarudi, na nikipanda ngazi sikuketi. Nilikuwa najenga mwili mpya, na kila nilipojipapasa tumbo kuona limepungua kiasi gani, furaha ilikuja na aibu nyuma yake. Ni mafuta ya Mama yaliyokuwa yakiyeyuka. Kila kilo iliyotoka ilikuwa na jina lake.

Ili asione, nilivaa. Ndani ya koti la kazi nilivaa sweta, na chini ya sweta nikavaa fulana nzito. Hoteli ilikuwa na joto la moto wa kuni, nami nilikaa pale nikitoka jasho na kufuta uso, na Mama alidhani ni pilipili. Nilikuwa mtu mwenye zaidi ya miaka arobaini, mume na baba, ninayejaza nguo tumboni kumlaghai mwanamke mmoja asijue kwamba nimepona.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mbwa. Walinenepa. Mbwa wa askari wanatakiwa wawe na mbavu za kuhesabika na hasira kidogo, lakini hawa waliota migongo mipana na kulala mchana kutwa. Wakajifunza saa. Siku moja walinifuata hadi hotelini, wakajilaza mlangoni. Mama akawafukuza, akauliza kwa mshangao ni mbwa wa tajiri gani hawa. Kesho yake wakarudi. Siku ya tatu mmoja aliingia ndani mbele ya watu wote, akapita meza zote zenye nyama, akaja akatia pua kwenye mfuko wa koti langu na kubaki hapo akitikisa mkia.

Mama alikuwa amesimama na sahani yangu mkononi. Alimtazama mbwa, akatazama mfuko, akatazama jasho langu na sweta iliyochungulia shingoni. Sikuona hasira. Aliiweka sahani ya gunia mbele yangu kama kawaida. Kisha akarudi nyuma ya pazia, akatoka na kifuniko cha sufuria kilichojaa ugali na maharagwe, akakiweka chini mlangoni kwa mikono miwili, vizuri, kama anayeandalia wageni.

"Hawa nao wakule hapa hapa," akasema. "Wasingoje kubebewa."

Hoteli nzima ilicheka. Nami nilicheka, ndiyo, nilicheka nao. Yeye hakucheka. Nilimaliza sahani yote siku ile, hadi haragwe la mwisho, na chakula kilinikaa kifuani.

Baada ya hapo nikawa napita barabara ya juu. Nilijiambia ni wakati wa mavuno, malori yamejaa, karani hawezi kutoka. Mke wangu alinifungia chakula cha mchana kutoka nyumbani, ngumi ya ugali na mayai. Wapakiaji walinisalimia wakisema Mama anakuulizia, nikasema nitapita. Asante ya punda ni mateke, watu husema, na mimi hata teke sikutoa, niliondoka tu kimyakimya nikiwa na mapaja aliyonipa. Jioni nilikuwa kwa fundi, nikiongeza mkebe mwingine wa saruji kwenye bomba. Nilijisikia na nguvu kuliko nilivyowahi kuwa.

Habari ililetwa na mpakiaji mwenzangu wa zamani. Mama Hoteli alianguka. Alikuwa anateremsha sufuria ya maharagwe kabla ya watu kufika, peke yake, saa ile. Sufuria ilimwagikia upande wa pili, Mungu alisaidia, lakini yeye aliangukia nyonga. Wapakiaji wengine, niliuliza, hawakuwepo? Akanijibu kwamba walikuwa wanafika na watu wa mchana, kama siku zote. Kufika mapema ilikuwa kazi yangu, wote walijua hivyo. Hakunilaumu. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja, na ningelala vizuri zaidi kama mtu angenilaumu. Nilikuwa nikilipa ili ninyanyue saruji isiyosaidia mtu yeyote, na sufuria ya Mama ikakosa mkono mmoja.

Sikwenda hospitali. Nilimtuma mke wangu na matunda. Nilisema ghala, nilisema lori, nilisema mwisho wa mwezi. Hoteli ilifungwa, mabati yakatolewa, pakawa na mtu anayeuza kadi za simu. Mama akachukuliwa na binti yake anayefundisha shule ya msingi upande wa Ziwa, si ziwani kwao bali kituo kidogo huku kwetu kiitwacho hivyo, kule kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Juzi, siku ya soko, nilikwenda. Nilibeba mayai, maharagwe na mboga, vitu vya kwenye karatasi ya kliniki, kwa sababu sikujua kubeba nini kingine. Nilivaa shati moja tu. Njiani nilifikiria nirudi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, mahali pa jua. Kwanza nilimtafuta kwa mikono na sikumwona. Mikono ya gauni ilikuwa imeteremshwa hadi viganjani. Upepo ulipoigusa niliona nguo inagusa mfupa. Mwili ule ambao haukuwa na mafuta tangu mwanzo haukuwa na kitu cha kutoa ila msuli, ukautoa. Binti yake alinieleza pembeni, akiwa amechoka. Mfupa ulishaunga. Daktari amesema miguu ndiyo imelala, inatakiwa ale vizuri, na kila siku ainuke kwenye kiti na kuketi, ainuke na kuketi, hadi mapaja yarudi. Hataki. Kula anadonoa. Kuinuka amekataa kabisa, anasema kusimama ili ukae tena ni kazi ya wazimu, na kwamba yeye hajawahi kusimama bila sababu.

"Karani amekuja," Mama akasema kutoka kwenye kiti.

Nilistahili. Nikachutama mbele yake, nikashika mkono wake na ulikuwa mwepesi. Maneno niliyoyapanga njiani yalikuja bila mpango. Nilimwambia kuhusu kliniki, sukari, presha, mkebe. Nilimwambia kuhusu barabara ya juu. Nilimwambia kwamba siku ile ningekuwepo sufuria isingemwangusha. Alisikiliza huku akitazama kuku uani.

"Sufuria ilikuwa yangu," akasema. "Wachana na sufuria. Mimi kitu kiliniuma ni mbwa."

"Niliogopa, Mama. Nilimwona yule wa duka."

"Yule aliniambia ugali yangu ni ya punda. Wewe ungesema ni daktari. Ungesema, Mama nipunguzie. Kwani kupunguza ni ngumu? Ni kuchota kidogo tu."

Alivuta mkono wake, akanitazama sasa, mashavu, akashuka hadi tumboni ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Alikawia kwenye mabega. Sikujua anaona nini, mtu aliyepona au mtu aliyeharibu kazi yake.

"Umekula?" akauliza.

Nilikuwa nimekula. Asubuhi mke wangu alinipa mayai, nduma na mboga, na nilikuwa nimeshiba hadi jioni. Binti yake alikuwa tayari ameshika mlango kwenda kuniletea. Nikamtazama, nikatikisa kichwa kidogo ili asiende.

"Bado, Mama," nikasema. "Nina njaa."

Mama akaweka viganja kwenye mikono ya kiti. Binti alitaka kukimbia kumshika, nikamzuia. Mama alijisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena, na mikono ile ilitetemeka ndani ya gauni hadi nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama. Akashika ukuta, hatua kwa hatua hadi jikoni, nasi tukamfuata nyuma kama watoto. Akafunua sufuria, akachukua sahani, akanigeukia.

"Ya kalamu ama ya gunia?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. "Ya kalamu," nikamwambia.

Akanichotea. Ilikuwa ndogo, safi, mboga nyingi, ugali wa ngumi moja. Alirudi kitini akiwa anahema, nami nikala mbele yake, mkebe haupo, mfuko haupo. Alipoona sahani imeisha akaipokea na kuichungulia.

"Naongeza, Mama," nikasema.

Akainuka tena. Safari hii hakurudi chini katikati. Nilikula ile ya pili polepole, naye akaanza kusimulia habari za kuku, na pumzi yake ikatulia. Nikaomba ya tatu. Binti aligeukia ukuta akafuta macho kwa kanga. Mama aliweka viganja kwenye kiti, akasimama huku akinitazama, na nikajua kwamba ananihesabia, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyelijua tumbo langu kuliko yeye.

"Hapa hatuna mbwa," akasema.

"Najua, Mama."

Akaenda jikoni bila kushika ukuta, akanichotea sahani ya kalamu ya tatu, na nikaila yote. Nilikuwa nimeshiba tangu nyumbani.